Lastra Aliyekwenda Kuonyesha Usingizi Wake

Ukipita kwetu ukauliza Lastra ni nani, watakuambia ni yule kichaa aliyetembea barabarani siku ya Nyepi, siku yetu ya kimya. Usiwasikilize. Mimi ni shangazi yake, nimemwogesha akiwa mchanga na kumzaba makofi akiwa mtundu, na mdomo wangu hauna mlango, hilo mtaa mzima unalijua. Acha nikuambie mimi.

Lastra alikuwa mtu wa mianzi. Nyepi ikikaribia, vijana wa kila mtaa hujenga ogoh-ogoh, yale majitu ya kutisha yenye meno marefu na macho ya kutoka nje, yanayobebwa mabegani jioni ile ya makelele na kuchomwa moto, ili kesho yake kisiwa kizima kikae kimya. Watu husifu rangi na manyoya. Lakini ndani ya jitu kuna mifupa, mifupa yenyewe ni mianzi, na mianzi ya mtaa wetu aliisuka Lastra. Alikuwa anaupasua mwanzi kwa kisu kifupi, anaupinda juu ya goti polepole huku akiusemesha, kama unavyombembeleza mtoto anayekataa titi. Ukimwuliza vipimo amepata wapi, anakucheka.

"Shangazi, mwanzi wenyewe unasema unapotaka kukunjika. Wewe husikii kwa sababu unaongea mno."

"Na wewe utakula kwa nani leo, mwenye masikio?"

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, mimi na yeye na kaka yake Gunarta, uani kwetu.

Ugonjwa ulimwanzia kwenye usingizi. Alikuwa kijana bado, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya pwani ya kusini, zamu za usiku mtupu. Kwanza akakosa usingizi, kisha akasema hauhitaji, kisha akaanza kuwajibu watu tusiowaona. Tulimrudisha nyumbani, tukampeleka kwa mganga, tukampeleka kuoga kwenye chemchemi takatifu. Akatulia, akaoa, akazaa, tukasema yamekwisha. Mwenye kovu usidhani amepoa! Msimu wa majitu ukifika vijana wanajenga mpaka jogoo anawika, naye hawezi kuiacha mianzi, basi usingizi unamtoroka na yale mambo yanarudi. Mwaka mmoja akawa bubu kabisa, hamjibu mtu, anatazama tu. Tukadhani amechoka. Akaenda akalichoma jitu kabla ya siku yake, na paa la banda la mkutano likaondoka nalo.

Mtaa ukakaa, mtaa ukaamua. Chumba cha nyuma, kufuli nje. Kufuli hilo Gunarta ndiye aliyelinunua, na Gunarta ndiye aliyelia akilifunga, usimwone mbaya bure. Meri, mke wa Lastra, alivumilia sana. Alikuwa anampa mumewe wali dirishani, anamwimbia, anarudi jikoni kujifuta macho kwa upande wa kanga ya kiunoni. Mpaka siku moja akamkuta binti yao Suari anacheza. Mtoto alikuwa amemfungia paka kwenye kapu la kuku na anampitishia tonge la wali kwenye tundu, huku akimwambia, "Kula, baba, usipige kelele." Meri alifunga nguo zao akaenda kwao, ng'ambo ya kilima. Mimi sikumlaumu, na nikimsikia mtu anamlaumu namvua nguo kwa maneno.

Aliyetufungulia mlango ule ni nesi Desak wa zahanati. Mwanamke mfupi, mkali, anaendesha pikipiki kama mwizi. Alileta sindano, kisha vidonge, kisha akagombana na wazee wa mtaa mpaka wakaona afadhali wakubali. Wakamwambia sawa, atoke, lakini akianza tena, ni chumba. Na kufuli likatundikwa msumarini pale mlangoni, kila mtu alione, Lastra naye alione.

Halafu siku moja Desak akaja na bangili. Nyeusi, laini kama mpira, na upande wa ndani ina kitaa cha kijani kinachomemeteka kwenye ngozi.

"Hii inajua ukilala na inajua ukikesha," akamwambia. "Na hiki kikopo cha dawa kinajua kikifunguliwa. Habari zinaingia kwenye simu yako, simu inazileta kwangu. Usingizi ukianza kukukimbia, nitajua kabla wewe mwenyewe hujajua."

"Na nikiota je?"

"Ndoto ni zako."

"Afadhali. Huyu shangazi yangu angezipata, mtaa mzima ungezisikia kabla sijaamka."

"Kwenda huko!" nikamwambia. Lakini nilicheka, maana zilikuwa siku nyingi sijamsikia akifanya utani.

Lastra akamwuliza nesi kama mtu mwingine anaweza kuona. Desak akamtazama, akaelewa, akamwekea. Kuanzia hapo, kila asubuhi Lastra akifumbua macho anashika simu, inazungusha kidogo, usingizi wake unakwenda. Meri kule kwao anafungua yake, anaona duara. Likiwa la kijani, mume amelala na amekunywa dawa. Likiwa jekundu, mambo si mambo.

Meri hakuwa mtu wa kurudi kirahisi. Alimpigia, na mimi nilikuwepo nakuna nazi, sauti ilikuwa inatoka wazi.

"Maneno yako nimeyasikia sana, Lastra. Uliniambia umelala na ulikuwa hujalala. Uliniambia umemeza na ulikuwa umetema. Maneno sitaki tena, nataka kuona. Nyepi ikipita na duara bado ni la kijani, kesho yake alfajiri nampakia Suari kwenye pikipiki tunakuja nyumbani. Lakini nikifungua simu nikakuta pekundu au patupu, usinitafute."

"Utaona," akasema. "Utaona mpaka uchoke."

Akakata simu, akaninyang'anya mbuzi ya nazi, akakuna yeye nazi yote iliyobaki. Alikuwa anakuna na kuimba. Alikuna mpaka nazi yote ikajaa vipande vyeusi vya kifuu, ikabidi niwape nguruwe.

Basi msimu ukafika, na huo ndio uliokuwa mtihani. Walimhitaji, kwa sababu bila yeye jitu linatoka na shingo ya bata. Akaenda. Lakini giza likianza tu kuingia, anafunga kisu chake kitambaani, anaaga. Wanamcheka. Aliyewaongoza kumcheka ni Sutapa, mkubwa wa walinzi wa kijiji, ambaye paa la banda lilipoungua nyusi zake ziliungua pia, na hajawahi kusahau.

"Haya, mpisheni! Saa ya mtoto kulala imefika. Shangazi ameshapasha maziwa?"

"Ameshapasha," Lastra anajibu. "Na amesema nikuletee, umekonda."

Anarudi. Anakula wali wake na mboga, anameza dawa mbele yangu anatoa ulimi nje kunionyesha, anaingia kulala huku ngoma za mazoezi zinapigwa mtaa wa pili. Nilikuwa nasimama nje ya pazia nasikiliza. Ukimsikia anakoroma unaweza kulia. Asubuhi ananyoosha mkono uani kama mwanasiasa: "Kijani, shangazi!" Na mimi najibu, "Kijani, baba!" Mwaka ule jitu letu lilisimama kwa mguu mmoja, likiinama mbele kama linataka kumkamata mtu, na halikuanguka. Watu wa mitaa mingine walikuja kuchungulia ndani ya tumbo lake.

Jioni ya makelele alisimama langoni kwetu, akaliona linapita, akanishika bega. Hakulifuata. Akaingia akalala, na mimi nikasema moyoni, Mungu mkubwa, amevuka.

Sasa nisikilize hapa. Siku ya Nyepi hakuna moto, hakuna kazi, hakuna kutoka nje ya lango. Wengi wetu hatuli, na wengine hatufungui hata mdomo mpaka alfajiri ya pili. Mimi ni mmojawapo, ucheke usicheke. Ni siku moja kwa mwaka, majirani zangu wanaipenda kuliko sikukuu zote. Wanaotembea ni walinzi tu, na shuka zao za miraba myeusi na myeupe. Na siku hizi mtandao wa simu nao unakatwa tangu alfajiri, kisiwa kizima.

Siku zote Lastra alikuwa anaamka mapema. Siku ile, baada ya wiki zote zile za kujibana, mwili ulilegea. Alilala mpaka jua likatoka. Usingizi mzuri kuliko wote tangu avae ile bangili, na ndio uliomponza. Aliposhika simu, ikazungusha, ikazungusha, ikakataa. Mtandao ulikuwa umeshakatwa.

Nesi Desak alimweleza mengi, lakini hili halikuulizwa na hakulisema, kwamba bangili inahifadhi, mtandao ukirudi inatoa yote. Lastra angejuaje? Nyepi zilizotangulia alikuwa nyuma ya kufuli. Yeye alichojua ni kwamba Meri atafungua simu alfajiri na kukuta patupu. Na kupiga simu hakukuwa na maana, kwa sababu baba yake Meri ni kuhani, siku hiyo simu zote za nyumba yake zinazimwa na kuwekwa kapuni.

Alimwandikia ujumbe. Tuliusoma baadaye. *Nimelala Meri. Nimelala sana. Mtandao umekatwa haiendi. Najua maneno hutaki. Nakuja kukuonyesha mkono.*

Alivaa nguo zake nyeupe za kwendea hekaluni na kilemba. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nimejilaza na njaa yangu, sikusikia lango. Akapanda barabara ya kilimani peke yake. Nadhani alijisemea, kosa liwe moja tu. Nitatembea, lakini sitakula, sitawasha kitu, sitasema.

Kwenye njia panda akakutana na walinzi. Kwa bahati gani sijui, walikuwa Sutapa na Gunarta, kaka yake mwenyewe. Haya yaliyofuata nimeyapata kwa Gunarta, na aliyasimulia mara moja tu.

"Lastra! Unakwenda wapi?"

Kimya. Akaelekeza kidole kilimani.

"Mdogo wangu, nijibu. Leo si siku ya kutembea. Unaumwa?"

Akatikisa kichwa. Akainua mkono akawaonyesha bangili, akaigusa, akaelekeza tena kilimani, akatabasamu. Gunarta anasema lile tabasamu ndilo lililomtia hofu.

"Ameanza," Sutapa akasema. "Mwaka ule si alianza hivihivi? Bubu. Na tazama, ana taa mkononi! Siku ya leo! Mvue."

Walipomshika mkono kumvua bangili, akapigana. Mtu huyu hakuwahi kumpiga mtu hata alipokuwa mgonjwa kabisa. Alichoma jitu, naam, lakini mtu hakumgusa. Siku ile alimpiga Sutapa akampasua mdomo, kwa sababu alidhani usingizi wake umo mle ndani na wanauchukua. Wakamfunga mikono kwa kilemba chake mwenyewe, wakamrudisha nyumbani.

Niliposikia vishindo nikatoka. Nikamwona amepiga magoti uani, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mdomo ameubana. Nikasahau Nyepi, nikasahau miungu.

"Mmemfanya nini mtoto wangu?"

"Shangazi, nyamaza, ni Nyepi," Gunarta akasema.

"Nyamaza mwenyewe! Mmemwuliza anakwenda wapi?"

"Tumemwuliza. Hajibu."

"Leo nani anajibu? We Gunarta, mjinga wee, leo nani anajibu? Mimi ninayeongea na kuku mpaka jua linazama, leo umenisikia? Nyie wawili ndio mnaopayuka!"

Wakatazamana. Gunarta alisita, nilimwona. Lakini Sutapa alitema damu chini, kwenye uwanja wetu tuliofagia kwa ajili ya siku hiyo, akasema kwa upole, na ule upole ndio mbaya, "Shangazi, mtaa uliamua. Akianza tena, ni chumba. Kesho nesi atakuja, atasema yeye. Mimi sitaki paa lingine liungue." Na Gunarta ni mlinzi, amevaa shuka la kijiji, na kijiji kinamtazama tangu mdogo wake alipokitia hasara. Akanyoosha mkono msumarini.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Cha mwanangu kiliponzwa na kimya.

Nilikaa mlangoni. Nikamwambia kupitia mbao, "Baba, sema nami. Miungu haitakasirika, sema unakwenda wapi." Hakujibu, alikuwa anakishika kimya chake kama mtu mzima mwenye dini, akitaka kumaliza siku yake vizuri. Niliviringisha vidonge kwenye tonge la wali nikapitisha dirishani, lakini mikono ilikuwa imefungwa, na tonge likaanguka. Nikamfokea Gunarta amfungue, akasema kesho. Jua lilipokuwa linashuka nikasikia anaongea. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikasogeza sikio, nikasikia hasemi na mimi. Alikuwa anamjibu mtu humo ndani.

Alfajiri mtandao ulirudi. Simu ya Lastra ilikuwa kwenye mkunjo wa shuka la Gunarta, pamoja na bangili, na vyote viwili vikaanza kutetemeka. Akaja nayo mkononi mpaka nilipokaa.

"Shangazi, nisomee hii."

"Si unajua kusoma?"

"Nisomee, tafadhali."

Lilikuwa duara la kijani, limejaa pande zote. *Usingizi mzuri. Dawa imenywewa.* Na chini yake ule ujumbe aliomwandikia Meri, wenye alama kwamba umefika. Nikausoma kwa sauti mpaka pale pa kuonyesha mkono, nikamrudishia simu. Gunarta akakaa chini kwenye ngazi akashika kichwa. Ufunguo ukamchukua muda kuupata, na ulikuwa shingoni mwake.

Tukasikia pikipiki. Meri aliingia langoni anakimbia, viatu mkononi, na Suari nyuma yake amebeba bahasha ya vitumbua vya nazi.

"Nimeona!" anapiga kelele. "Shangazi, amelala! Nimeona! Ameandika anakuja, tumemtafuta njia nzima, hatukumwona. Yuko wapi?"

Ndugu yangu, uliwahi kuulizwa swali ukatamani ardhi ikumeze? Meri alifuata macho yangu mpaka kwenye mlango wa nyuma, na Gunarta aliyesimama pale na kufuli wazi mkononi. Nikamshika Suari nikamgeuzia uso kiunoni kwangu, nikambana. Safari hii asione.

Lastra alikuwa ameelekea ukutani. Meri akapiga magoti, akamfungua kilemba kwenye mikono, akaushika ule mkono wa kushoto penye alama nyeupe ya bangili.

"Mume wangu, ni mimi. Nimeona. Umelala vizuri, umekunywa dawa, yote nimeyaona. Ulikuwa mzima. Nilijua u mzima."

Lastra akageuka akamtazama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza chumvi.

"Si ungewaambia."

Hajasema nasi tena. Desak alikuja akatukana watu wote mpaka na miti, kisha akakaa kwenye pikipiki yake akalia. Akampeleka Lastra hospitali kule milimani, akakaa sana, wakamrudisha amenona na mzito, macho yamelala hata akiwa macho. Bangili hataki, ukimsogezea anarudi nyuma mpaka ukutani. Sutapa hajui ajifiche wapi. Alileta mianzi mizuri, ya kukomaa, akaiegemeza ukutani kwetu, na bado iko pale, mchwa wameianza. Gunarta alivua lile shuka la miraba, hajalivaa tena.

Na Meri alibaki. Aliahidi atarudi, akarudi, hiyo nyumba sasa ina mke na mtoto kama alivyotaka. Kila asubuhi anatoka na mkeka anakaa karibu na mumewe, anamshika kifundo cha mkono, pale palipokuwa na bangili, anasubiri kidogo. Halafu ananigeukia mimi nikiwa jikoni. Siku nyingine anasema, "Amelala, shangazi." Siku nyingi anatikisa kichwa tu, na mimi naendelea kukuna nazi.